Kikuyu, Boma Rhodes au ukoka: farasi umpandie nyasi gani?

Ingia duka lolote la pembejeo useme unataka mbegu za malisho. Ni nadra muuzaji akuulize ni za mnyama gani. Atakushushia Brachiaria, Panicum ya Mombasa, setaria na Boma Rhodes, kisha aanze hesabu za maziwa: ukipanda hii lita zitaongezeka, ukipanda ile utakata mara nyingi kwa mwaka. Hesabu zote hizo ni za ng'ombe. Mwenye farasi wawili wa watalii kule Usa River, au mwenye shule ya kupanda farasi Limuru, anaweza kuondoka dukani na mfuko wa mbegu utakaomlemaza mnyama wake baada ya miezi kadhaa, na asijue kilema kimetoka wapi.

Hapa nalinganisha nyasi tatu ambazo mwenye farasi wa Afrika Mashariki anaweza kuzitegemea: Kikuyu, Boma Rhodes na ukoka. Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda aende zake: eneo kubwa la malisho na la nyasi kavu lipande Boma Rhodes, Kikuyu iache pale ambapo baridi na mvua zimeshaamua, na kwa vyovyote vile tenga kipande cha lusini (alfalfa), jani la malisho lenye kalsiamu nyingi. Masharti yake ndiyo haya yanayofuata.

Tumbo la farasi halisamehe

Ng'ombe akila, chakula hukaa kwanza kwenye tumbo kubwa lililojaa vijidudu, kikacheuliwa na kusagwa tena. Farasi hacheui, wala hawezi kutapika. Tumbo lake ni dogo, lita 8 hadi 15 hivi, na ndiyo maana ukimwachia uwanja atakula kidogo kidogo kwa saa 14 mpaka 17 kwa siku. Vijidudu vyake viko nyuma, kwenye utumbo mpana. Chakula kinapofika huko kimeshapita utumbo mwembamba, na kalsiamu nyingi hufyonzwa kwenye huo utumbo mwembamba.

Sasa, nyasi nyingi za nchi za joto zina oksaleti, kemikali inayoikamata kalsiamu na kuing'ang'ania. Kwa ng'ombe vijidudu vya tumbo kubwa huila oksaleti na kuiachia kalsiamu huru, mradi amezoeshwa taratibu. Kwa farasi kalsiamu hupita ikiwa bado imefungwa, ikatoka na mavi. Damu haiwezi kukaa bila kalsiamu, basi mwili unakwenda kuichukua kwenye mifupa.

Dalili haziji kwa kishindo. Farasi anaanza kupiga hatua fupi. Leo anachechemea mguu huu, kesho ule, na ukimwita daktari kwato hazina kitu. Anakataa kuruka, anakataa kukimbia, saisi anasema amekuwa mvivu. Baada ya miezi mifupa ya uso inavimba pande zote mbili, meno yanalegea, pumzi inaanza kutoa sauti. Wanaopata shida mapema ni majike wanaonyonyesha na watoto wanaokua. Mpitishe kiganja taratibu kwenye uso, kuanzia chini ya jicho kuelekea puani, juu ya mstari wa magego, kila upande. Mfupa wa hapo unapaswa kuwa na ukingo unaoushika vizuri. Ukihisi umekuwa duara na umejaa, usisubiri.

Ugonjwa huu ulielezwa vizuri Queensland, Australia, miaka ya 1970, kwa farasi waliokuwa malishoni. Nyasi zilizowaumiza zilikuwa zimetoka kwetu Afrika: setaria, Kikuyu, nyasi za ukame za jamii ya Cenchrus. Wenzetu walizipeleka kwa ajili ya ng'ombe, wakazipongeza sana, kisha farasi wakaanza kuchechemea. Kipimo kinachotumika ni hiki: nyasi yenye oksaleti zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito mkavu, au ambayo kalsiamu yake haifiki nusu ya oksaleti, ni ya kuogopwa.

Zinazotoka kwenye orodha kabla hatujaanza

Setaria kwanza. Ni ya huku huku, na aina zake mbili maarufu duniani zina majina ya Nandi na Narok. Kwa ng'ombe wa maziwa nyanda za juu ni nyasi njema. Kwa farasi ndiyo mbaya kuliko zote nitakazozitaja. Oksaleti yake hufika asilimia 3 na zaidi, hasa ikiwa changa na imetiwa mbolea.

Brachiaria, kipenzi cha maonyesho ya wakulima siku hizi, ina oksaleti na ina tatizo la pili: aina zake kadhaa zina saponini zinazoharibu ini. Farasi mwenye ini bovu haumii tumbo tu. Ngozi nyeupe ya pua na miguu inaungua na jua na kubanduka. Panicum nayo, pamoja na ile inayouzwa kwa jina la Mombasa, imewaletea farasi wa kaskazini mwa Brazili msokoto wa tumbo wakati wa mvua, wengine wakafa. Nyasi ya ukame ya Cenchrus inayohimizwa Kitui na Makueni inafaa mbuzi na ng'ombe, farasi hapana. Mabingobingo, au nepia, si ya kuchungia kabisa, na hata ikikatwa shina lake ni gumu na oksaleti haikosekani.

Mtu akikwambia farasi wake amekula mojawapo ya hizi kwa mwaka mzima na hana tatizo, muulize alikuwa akipewa nini kingine. Mara nyingi utakuta lusini au madini kwenye ndoo, na hivyo ndivyo vilivyomwokoa.

Kikuyu na Boma Rhodes, uso kwa uso

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kikuyu ni mwenyeji wa nyanda za juu: Kenya, Uganda, Ethiopia, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Inajisikia nyumbani mita 1,900 hadi 2,700 juu ya usawa wa bahari, penye mvua ya milimita 1,000 au zaidi. Boma Rhodes inaanzia chini, mita 600 hivi, hadi karibu 2,000, na inavumilia mvua ya milimita 600 na kitu. Ukiwa Naivasha au upande wa chini wa Nanyuki, Rhodes haina mpinzani. Ukiwa Limuru kwenye ukungu, au Timau kule juu, utaipanda na itaota, lakini itakwenda kwa uzito huku Kikuyu ikiingia yenyewe kutoka kwenye kingo za uwanja bila kualikwa.

Kwato na meno: hapa Kikuyu inashinda wazi. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, anaizungushia nyasi ulimi na kuivuta. Farasi ana meno ya mbele juu na chini, anakata hadi karibu na udongo, tena anarudi pale pale kila siku kwa sababu machipukizi ni matamu. Juu ya hilo ana kilo 400 au 500 juu ya vyuma vinne. Kikuyu ina mashina yanayotambaa juu ya ardhi na mengine chini yake, kwa hiyo hata ikikatwa hadi kuonekana udongo itarudi. Boma Rhodes hukaa kwa mafungu. Ukiiwahi kabla haijashika, farasi anaing'oa fungu zima, anakutazama na mizizi ikining'inia mdomoni.

Usiamue kwa kuhesabu wiki tangu ulipopanda. Inama ushike konzi ya Rhodes karibu na chini, izungushe kidogo, uvute kwa nguvu kama anavyovuta farasi. Ikikatika majani mkononi, fungua geti. Ikija na mizizi, funga uondoke. Mwaka wa kwanza wengi hawamwingizi farasi kabisa. Wanakata nyasi kavu, uwanja unashika, ndipo malisho yanaanza. Baada ya hapo mwingize ikiwa na sentimita 15 hadi 20, mtoe ikibaki 8 au 10. Kikuyu unaweza kuishusha hadi 5 na isikudai kitu.

Oksaleti: Rhodes iko chini, kwa kawaida chini ya ile asilimia 0.5. Kikuyu iko juu ya mstari, ingawa si kama setaria. Farasi mwenye umri wa kati, anayefanya kazi ya kawaida, anayekula Kikuyu mchana na nyasi kavu ya Rhodes usiku, pamoja na kilo moja au mbili za lusini kavu, hana sababu ya kupata shida. Farasi anayeishi kwenye Kikuyu tupu, na jioni akaongezewa pumba za ngano kama zawadi, anatafutiwa ugonjwa. Pumba za ngano zina fosforasi takriban mara kumi ya kalsiamu yake, na fosforasi ikizidi inaupeleka mwili kule kule oksaleti inakoupeleka: kuchukua kalsiamu kwenye mifupa. Pumba kidogo haziui, ila si chakula cha kumwimarisha farasi wa Kikuyu.

Mahali ambapo malisho ya hatari hayaepukiki, Waaustralia hutoa kwa kila farasi kilo 1 kwa wiki ya mchanganyiko wa chokaa ya mifugo theluthi moja na DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi) theluthi mbili, ukichanganywa na molasi ili usikataliwe. Mweleze daktari wako wa mifugo kabla ya kuanza, kwa sababu madini mengine anayopata farasi wako nayo yanaingia kwenye hesabu.

Nyasi kavu: Kikuyu haikauki vizuri. Ni nene, inashika maji ndani, na kwenye baridi ya nyanda za juu unafunga beli ambazo baada ya wiki mbili zina ukungu. Ukungu huo ni kikohozi cha farasi. Rhodes hukauka kwa siku chache za jua na hufungika safi. Hii peke yake ni sababu ya kutosha kuipa Rhodes shamba kubwa, maana farasi wa kilo 400 hula kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku pasipo malisho, na kiangazi hakina huruma.

Kata Rhodes inapoanza kutoa maua. Ikishakomaa, unachofunga ni majani makavu yasiyo na lishe. Ukinunua, angalia kama muuzaji hajavuna mbegu kwanza ndipo akafunga. Utaona vichwa vimekwanyuliwa na mashina ni ya njano yanayovunjika kama njiti. Fungua beli moja, tia mkono katikati. Ikiwa na joto au ikatoa vumbi la kijivu, acha. Kando kidogo, naomba nivumiliwe: beli iliyokomaa sana si mbaya kwa kila farasi. Yule mnene asiye na kazi inamfaa kuliko ya kijani, anatafuna muda mrefu bila kunenepa.

Kupanda: Kikuyu hupandwa kwa vipandikizi, kazi ya jembe na mikono mingi, lakini ukishapanda umepanda. Kuiondoa baadaye ni vita, kwa hiyo usiiweke jirani na bustani ya mboga. Rhodes ni ya mbegu, nyepesi kama manyoya. Ichanganye na mchanga au vumbi la mbao ndipo uisambaze kwa usawa, na usiifukie zaidi ya sentimita moja au mbili. Palizi ya mwaka wa kwanza ndiyo gharama yake halisi.

Kuna suala la unene pia. Wanaosoma ushauri wa Ulaya wanaogopa sana sukari ya nyasi na kuvimba kwato. Nyasi zetu za joto hazihifadhi sukari kwa namna ile ya nyasi za baridi, kwa hiyo hatari ni ndogo, ila haijafutika. Farasi mfupi mnene kwenye Kikuyu iliyotiwa mbolea ya nitrojeni mvua zikianza ndiye wa kumwangalia. Ukiweka mkono kwenye kwato ukakuta ya moto, naye amesimama akiegemea nyuma, mtoe malishoni siku hiyo hiyo umwite daktari.

Ukoka, wa tatu asiyesemwa

Ukoka unaota kila mahali na ndiyo sababu hauheshimiwi. Pamoja na ndugu yake mrefu ambaye wakulima wanamwita star, unatambaa, unavumilia kwato, unavumilia ukame, na oksaleti yake haitishi kama ya Kikuyu. Marekani kusini wanaulima ukoka makusudi kwa ajili ya nyasi kavu za farasi. Kasoro yake ni mavuno: ni mfupi, haujazi ghala. Ukiwa na uwanja wa ukoka wa asili uliofungwa vizuri, fikiria mara mbili kabla ya kuulima ili upande kitu cha dukani.

Pwani ndiko unakofaa zaidi. Tahadhari ni mchanga: uwanja ukilika hadi ardhi ionekane, farasi anameza mchanga pamoja na mizizi, nao unakaa tumboni hadi ulete msokoto. Huko nyasi kavu iwekwe kwenye hori au juu ya mkeka wa mpira, isimwagwe chini.

Kwa hiyo, ukiwa wapi uchague nini

Nyanda za juu zenye baridi, mita 2,000 kwenda juu: baki na Kikuyu uliyonayo, nunua nyasi kavu ya Rhodes kutoka chini, panda lusini. Usihangaike kuing'oa. Hakikisha tu unaponunua lusini ni lusini kweli, si lusina, ule mti wa malisho ya mbuzi. Huo humnyonyoa farasi singa na mkia.

Naivasha, Gilgil, Laikipia ya chini, Arusha hadi Usa River: Boma Rhodes kwa sehemu kubwa, na uwanja mdogo wa ukoka karibu na mabanda kwa ajili ya wanaotoka na kuingia kila siku. Uwanja huo mdogo utaharibika, na ni afadhali uharibike huo kuliko Rhodes. Wakati wa mvua ekari moja hadi mbili nzuri zinamtosha farasi mmoja, ukizigawa vipande na kuvipumzisha wiki tatu nne. Kiangazi hesabu hiyo haipo, ni ghala tu.

Mwenye ekari moja na farasi wawili hana malisho, ana uwanja wa mazoezi. Huyo asinunue mbegu yoyote. Fedha aziweke kwenye beli.

Saa za malisho zinabadili hesabu

Kuna jambo moja ambalo ushauri wa nje unatupotosha kabisa. Ulaya mwenye farasi mnene huambiwa ampeleke malishoni usiku na alfajiri, sukari ikiwa chini. Kwetu usiku ni wa usubi, wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Pundamilia hubeba kirusi hicho bila kuugua, farasi asiye na kinga hufa kwa wingi. Usubi huruka kuanzia magharibi hadi alfajiri, hasa baada ya mvua na penye matope. Chanjo ya kila mwaka ni lazima, na farasi awe bandani kabla jua halijazama.

Maana yake ni kwamba farasi wa huku hapati zile saa 14 za malisho. Anapata 9 au 10, zilizobaki anatafuna bandani. Kwa hiyo unapochagua nyasi unachagua mbili: ya mchana na ya usiku, na ya usiku ni kavu. Ndiyo maana naipa Rhodes kura hata kwa mtu wa Limuru ambaye hataipanda kamwe.

Ng'ombe wakifuata nyuma

Farasi hali palipo na mavi yake. Baada ya muda uwanja unakuwa na sehemu mbili: zilizolika kama zulia, na nyingine ndefu, chungu, zimejaa mavi na minyoo. Kuzoa mavi mara mbili kwa wiki ndiyo dawa bora, lakini wengi huingiza ng'ombe baada ya farasi, nao hula zile ndefu na kumeza minyoo ambayo mingi haiishi ndani yao. Ni utaratibu mzuri na naupendekeza kwa Rhodes hasa, maana ng'ombe huisawazisha.

Ila ng'ombe huja na vitu vyao. Dawa ya kupe yenye amitrazi, inayotumika sana kwenye majosho, husimamisha utumbo wa farasi. Hata pampu iliyobaki nayo kidogo isitumike kumnyunyizia. Chakula cha ng'ombe au kuku chenye monensini humuua moyo, hata kwa kiasi ambacho ng'ombe hakimdhuru, kwa hiyo ndoo na hori zisichanganywe. Na ukikata matawi ya mparachichi, kama ilivyo kawaida Murang'a na Njombe, usiyatupe uwanjani: majani yake humvimbisha farasi kichwa na kumdhuru moyo. Kupe wa farasi wapo na wana magonjwa yao, kwa hiyo dawa utahitaji. Mwombe daktari ya jamii ya saipamethrini, uwe na pampu yake peke yake, uiandike FARASI kwa rangi.